Sikumshika Mkono Kapinga

Kwa baba, tata wangu, huko Kasaji,

Salamu hizi zikukute umeketi kwenye kiti chako cha kamba, na ule mguu wa kushoto umepunguza hasira zake. Je, ile dawa ya kuchua anayokutengenezea mama unaitumia, au bado unaificha chini ya kitanda? Mimi ni mzima. Koo tu linawasha kwa vumbi la Kolwezi, ambalo siku hizi tunalinywa hata kwenye chai.

Jumapili ulinikatia simu kabla sijamaliza kusema, ndiyo maana ninaandika. Barua huwezi kuikata katikati. Ninakujua, utaisoma mpaka mwisho ukitafuta makosa. Ulisema, "Bamekufukuza kazi, panda treni, rudia kwetu." Ni kweli wamenifukuza. Lakini kurudi, sirudi, na sababu ninakuandikia hapa.

Unajua nilikuwa ninafundisha darasa la wadogo, wale wa miaka mitano na sita. Kazi yangu ni herufi. Mwalimu anachora herufi kwa nukta ndani ya kaye, daftari la mtoto, na mtoto anapitisha kalamu juu ya nukta hadi herufi itoke. Mwisho wa muhula wazazi wanaitwa kutazama zile kaye. Basi ili zipendeze, walimu wanaandika wenyewe, au wanashika mkono wa mtoto na kuusukuma kama toroli. Mwaka jana na mimi nilifanya hivyo. Kaye za darasa langu zilishinda zote, direkta wa shule akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikavimba kichwa.

Darasani kwangu yumo mtoto wa kike anayeitwa Kapinga. Mama yake, Mama Béa, anaosha mawe ya shaba mtoni na hajui kusoma. Aliiona kaye ya mwanawe ya mwaka jana, akaizungusha mtaa mzima. Haikupita muda akafa nyanya wa Kapinga, yule ambaye mtoto alipewa jina lake. Msalaba wa mbao ulipokuwa tayari, watu wakauliza nani ataandika jina la marehemu. Mama Béa akasema kwa majivuno kwamba hakuna haja ya kutafuta fundi, mtoto analiandika jina lile kila siku, maana ni lake pia. Wakampa brashi. Kapinga akasimama mbele ya ukoo mzima, rangi nyeusi ikimdondokea miguuni, asiweze kuchora hata mstari mmoja. Msalaba ukasimikwa bila jina.

Kesho yake Mama Béa alikuja na kaye. Hakupiga kelele. Aliifungua tu, akauliza:

"Mwalimu, hii mukono ni ya nani?"

Nikamjibu kwamba ni wangu. Tata, sijapata kuona aibu kama ile tangu nizaliwe.

Mwaka huu nikasema basi. Nilichekecha udongo mwekundu, nikaumwaga kwenye masinia ya zamani. Mtoto anaandika kwa kidole, anafuta, anaandika tena, na mimi mikono yangu iko nyuma ya mgongo. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, mikono inataka kwenda kusaidia. Kidole kikishazoea njia, ndipo mtoto anapewa kalamu na kaye. Herufi zao zinaegemea upande, nyingine zinaruka mstari, lakini ni zao.

Direkta alizipekua akakunja uso.

"Odette, bazazi banakuya siku ya posho. Hizi kaye zote ziko muchafu. Chukua mupya, uandike we mwenyewe."

"Mi sitaandika, direkta. Bataona ile batoto bao banajua."

"Basi utaenda kufundishia kwenu."

Ilipofika hiyo siku ya posho, Jumamosi, nikazipanga zile kaye mezani kama zilivyo. Wazazi wengine walicheka. Baba mmoja akaniuliza kama mtoto wake anaandikia mguu. Nikamwambia ampe mtoto kalamu, kisha aende darasa la jirani, ambako mwalimu ndiye aliyeandika kaye, amwombe mtoto yeyote wa huko aandike vilevile, tuone. Direkta akaniambia nifunge mdomo. Hapo Mama Béa akasimama, bado amevaa kitenge chake cha mtoni kilicholowa chini.

"Mutoto yangu aandike hapa, mbele ya bote."

Kapinga akaenda ubaoni. Alichukua muda mrefu, ulimi nje, na hakuna aliyecheka tena. Aliandika jina lake lote. Jumatatu nikafukuzwa.

Sasa ninafundisha kwenye baraza ya Mama Béa. Watoto tisa wamenifuata, na masinia yangu nimeyachukua. Mvua ikinyesha tunajibanza ndani. Juma lililopita tulikwenda makaburini na kopo la rangi, na Kapinga akauandika ule msalaba. Herufi ya N imelala kidogo. Mjomba wake alitaka kuinyoosha, Mama Béa akamwondolea brashi mkononi.

Unasema Kolwezi si mji wa binti yako. Tata, ulinifundisha kuandika kwa kunikaza kifundo cha mkono hadi vidole vikafa ganzi. Ninakushukuru, lakini nilijua kuandika ile wiki kazi ya reli ilipokupeleka Dilolo, nikabaki peke yangu na kalamu. Uliporudi ukakuta ukuta mzima wa jikoni umejaa herufi za makaa. Ulinichapa, halafu nikakusikia ukimwonyesha jirani.

Nisalimie mama, mwambie mihogo yake ninaiota. Nisalimie shangazi muuza samaki wakavu, na kaka yangu wa pikipiki, ambaye anaweza kunitafutia masinia zaidi badala ya kunitafutia mchumba. Wote waambie sijapotea, nina kazi.

Nimempa Kapinga kalamu aandike jina lake hapo chini, baada ya langu. Ukiona limepinda, usilisahihishe. Sikumshika mkono. Na wewe, tata, uuachilie wangu.

Binti yako mwalimu,
Odette

KAPINGA