Pole ya Shangazi kwa Mtu wa Eksirei

Dada Skola, shikamoo. Baridi ya Sumbawanga inang'ata, ila ile radi ya wachawi uliyonitishia bado haijanipata.

Juzi shangazi aliteleza kwenye tope hapa Malangali, mkono ukavimba, nikampeleka kupiga eksirei. Mpiga picha akasema mionzi haina shida, kisha akaenda kusimama nyuma ya ukuta.

Shangazi akanyanyuka. "Sasa mbona unajificha?"

"Mama, wewe unapigwa leo tu. Mimi nipo humu kila siku."

"Kila siku? Pole, mwanangu!" Akakaa, akatulia.

Mkono haukuvunjika. Leo kanituma nimpelekee mpiga picha togwa ya ulezi, ati aoshe mionzi. Nusu nimeinywa njiani. Kwani mimi si nilisimama mlangoni?

Wasalimie watoto. Nikirudi wasiogope kunikumbatia.

Mdogo wako, Beno