Mguu wa Kushoto

Kasese, 4 Machi 2013

Mama mpendwa,

Habari za hapo Bwera? Goti lako linasemaje na mvua hii? Sisi tuko salama, mke wangu Loyi na watoto wanakusalimu.

Mama, lile kanisa nililokuambia sasa lipo. Tuko watu kumi na mmoja, tunaitwa Wamenonaiti. Majirani wanacheka eti ni kanisa la meno. Jana mzee mmoja alikuja na shavu limevimba, anataka kung'olewa! Lakini tunaimbia uani na mvua inatufukuza. Naomba nyumba ya marehemu kaka Tsongo, imefungwa miaka saba sasa. Naomba pia lile beseni lako kubwa. Alhamisi kabla ya Pasaka tutaoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Siku hiyo ndiyo tunaanza rasmi.

Mwanao, Kathembo

Bwera, 9 Machi

Kathembo mutoto wangu,

Salamu sana. Goti iko vile vile, imezeeka na mimi.

Kanisa ya meno! Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Chukua nyumba. Tsongo alipenda watu wajae kwake. Ufunguo Badiru wa taksi analeta. Beseni nitaleta mwenyewe, hiyo simupi mutu. Nilimuogesha Tsongo ndani yake akiwa mutoto, na siku ya kumuzika pia.

Mama yako, Edisa

Bwera, 17 Machi

Kathembo,

Leo sikusalimu. Badiru ameniambia nani anafagia nyumba ya Tsongo. Nobert! Nobert aliyemupiga mutoto wangu na mpini wa jembe, kisa mpaka wa shamba ya kahawa, hadi akakata roho! Wewe ulijua, ukaninyamazia, ukaomba hata beseni yangu. Kichwa yako iko sawa? Mutoe yule mutu, ao unirudishie ufunguo. Na simu usipige, sitashika.

Mama yako

Kasese, 19 Machi

Mama,

Najua hutaki salamu zangu, lakini nakusalimu.

Nilikuficha, nilikosa. Nilijua ukisikia jina lake utakataa. Nobert alitoka jela Januari. Bwera hawezi kurudi. Alikuja hapa akakaa nje ya ua wetu wiki tatu bila kuingia. Sisi tunafundisha kwamba hatulipizi, hata kwa neno. Nikimfukuza yeye, tunabaki watu wa kuimba tu, na kanisa limekwisha kabla halijaanza.

Usidhani ni rahisi kwangu. Mpaka leo sijaweza kumpa mkono. Wenzangu wanasema mimi ndiye ndugu wa marehemu, kwa hiyo Alhamisi ni mimi nitakayemwosha. Naogopa, Mama. Naogopa nitapiga magoti, halafu nitainuka nimemkaba shingo.

Mwanao, Kathembo

Kasese, 25 Machi

Mama,

Siku sita sijapata neno. Badiru anasema ulipokea barua yangu, ukafunga mlango. Ufunguo wako huu hapa, nimeurudisha. Nobert simfukuzi. Tutaoshana uani kwangu, kwa karai la Loyi, mvua inyeshe isinyeshe. Nisamehe, au usinisamehe, ila jua ninakupenda.

Mwanao bado, Kathembo

Bwera, 1 Aprili

Kathembo mutoto wangu,

Nakusalimu, na Loyi, na watoto. Nilifika salama. Goti imevimba, uani kwako iko mawe matupu.

Kule steji uliniuliza kwa nini nilikuja, nikapanda gari. Sasa najibu.

Sikuja kwa ajili ya Nobert. Nilikuja kwa sababu uliandika utamukaba shingo. Mmoja nimezika, mwingine aende jela? Hapana! Ndiyo maana ile Alhamisi nilikusukuma kando, nikaweka beseni yangu mbele ya Nobert. Mwalimu wenu akaninong'oneza eti wanawake wanaosha wanawake. Mimi siko wa kanisa yenu, naosha muguu ninayotaka.

Muguu ya kuume niliosha vizuri, nikapangusa na kitenge. Iko na kovu, na ile kovu naijua. Alikatwa na chupa wakicheza mpira na Tsongo, mimi ndiye nilimufunga kitambaa. Nikawakumbuka wote wawili wanakula sahani moja kwangu. Hapo mukono ikakataa. Hiyo ya kushoto sikuweza, Kathembo.

Nyumba ni yenu. Ufunguo niliacha ndani ya beseni, uangalie. Mwambie Nobert ile muguu ya kushoto asimupe mutu mwingine kuosha. Pasaka ijayo nitakuja, tuone kama mukono itakubali.

Mama yako, Edisa