Nukta ya Chai kwenye Waya Mwekundu

Ni mwaka mmoja sasa tangu alasiri ile ulipoweka chini chuma cha kulehemu, Baba Pacha, ukasema unajinyoosha kidogo tu, usiamke tena. Chuma kilikuwa bado cha moto. Mkeo ndiye aliyekichomoa ukutani, na hata katika saa ile tulimsikia akikuambia, "Umeondoka, na wa mwisho kumshika ni yeye."

"Yeye" lilikuwa Waya Mwekundu, jarida lako la kila mwezi kwa wapenda redio za kujitengenezea, kengele za mlangoni na taa zinazojiwasha giza likiingia. Watu waliliita jarida. Mama Pacha aliliita mke mwenza.

Hakuwa akitania sana. Lilikuwa na chumba chake, kile cha mbele chenye dirisha kubwa, ilhali cherehani ya mkeo ilibanwa koridoni. Lilikuwa na harufu yake ya risasi iliyoyeyuka, uliyokuja nayo hadi mezani. Msomaji akipiga simu kulalamika kwamba redio yake inakoroma, ulimjibu kwa sauti laini ambayo Mama Pacha alisema aliisikia mara ya mwisho ulipokuwa unamchumbia.

"Nami nikikoroma utanisemesha hivyo?" alikuuliza siku moja.

Ukajibu bila kuinua kichwa, "Wewe unakoroma vizuri, mke wangu. Huhitaji marekebisho."

Wewe nawe ulikuwa na wivu wako. Lilipoingia mjini lile jarida kubwa la karatasi ya kung'aa, lenye picha za rangi na wahariri wa kuajiriwa, ulianza kupita kila asubuhi kwenye meza ya magazeti pale kona. Ulijifanya unasoma vichwa vya habari, kumbe mkono wako unalisukuma lile nyuma na kulivuta Waya Mwekundu mbele.

"Mzee, leo tena?" muuza magazeti alikuwa akisema.

"Naondoa vumbi tu."

Na tutakukumbukaje tuiache ile nukta? Katika michoro yako, nyaya mbili zikipishana bila alama, kila mmoja unakwenda zake. Zikipishana penye nukta nyeusi, zimeungana. Siku hiyo ulikuwa unamalizia mchoro wa redio ya mfukoni, kwa wino na kwa mkono, na mpiga chapa alikuwa ameshaulizia kazi. Mkeo akakuletea chai ya rangi. Akasimama, akangoja umtazame. Hukumtazama. Akakitua kikombe kwa kishindo cha mtu aliyechoshwa na ukewenza, na tone moja likaruka, likatua palepale nyaya mbili zilipopishana. Likakauka duara safi kabisa, kama umelichora mwenyewe.

Mwezi ule redio za wasomaji wako zilikaa kimya nchi nzima. Simu haikupumzika. Ulipoupata ule mchoro wa awali na kuunusa, ulicheka hadi ukakaa sakafuni. Toleo lililofuata ukaandika mbele kabisa: "Nukta ya ukurasa wa kati si kiungo. Ni chai. Mhariri anawaomba radhi wasomaji, na mke wake pia."

Kumbe jarida la kung'aa lilikuwa limeshaiiba ile redio na kuichapa kama yao, pamoja na nukta. Wao hawakuwa na chai ya kusingizia. Watu walicheka mjini kote, na wasomaji waliokuwa wamekukimbia wakaanza kurudi mmojammoja.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimemwokoa?" akauliza Mama Pacha.

"Umemwokoa mwenzio," ukasema.

Alinuna hadi jioni.

Ulipoondoka, Waya Mwekundu lilinyamaza. Miezi ikapita. Kisha mhariri wa lile jarida kubwa akaja nyumbani, mtu mpole, amevaa vizuri. Alitaka jina na michoro yako yote, alifanye Waya Mwekundu kuwa kurasa chache ndani ya jarida lake. Sisi wengine tuliona ni heri. Nani angeliendesha? Tena tulidhani Mama Pacha atafurahi, cherehani ipate dirisha.

Alimmiminia mgeni chai, akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mnataka kumchukua?"

"Tutamtunza, mama. Kwetu atang'aa."

"Nani kakwambia anaolewa?"

Yule bwana akatutazama, nasi tukatazama vikombe vyetu.

"Humu ndani tumebaki wajane wawili," akasema Mama Pacha. "Nimegombana naye tangu niingie nyumba hii. Sikugombana naye kote huko ili leo nije nimwone kwa mwanamume mwingine. Kunywa chai yako, baba. Taratibu, isiruke."

Toleo la kwanza bila wewe limetoka wiki hii. Ni jembamba. Kulwa amechora, Doto ameijenga kila saketi kabla haijachapwa, kama ulivyotuzoesha. Mdogo wako anapokea simu, ila sauti yako hana. Kabla ya michoro kwenda kwa mpiga chapa, Mama Pacha aliipitia yote, kidole juu ya kila nukta: "Hiki kiungo, au chai?" Kikombe chake alikiacha jikoni.

Jana muuza magazeti alimkuta mkeo ameinama juu ya meza yake, mkono wake ukilisukuma lile la kung'aa nyuma.

"Mama, hata wewe?"

"Naondoa vumbi tu."

Anasema mkeo hakuondoka mara moja. Alisimama akilitazama Waya Mwekundu lilivyokaa mbele ya yote, linajishaua kwa jalada lake jekundu. Akalinyooshea kidole.

"Usijione," akaliambia. "Mimi ndiye mkubwa."

Unakumbukwa na mama yako mzazi, ambaye bado anasikiliza redio uliyomtengenezea ukiwa shuleni. Na mdogo wako. Na Kulwa na Doto. Na wasomaji wako. Na wake zako wawili, mkubwa na mwekundu.

Tutakukumbuka siku zote, Baba Pacha, kwa zamu. Mkubwa amesema ya kwanza ni yake.