Usinifanye Somo, Kaka

Kwa kaka yangu Faraja,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Zawadi na watoto mmeamka salama huko Kibiti. Mimi ni mzima, na mahindi niliyopanda bondeni maji yalipopungua yameanza kubeba.

Salamu za adabu zimeishia hapo. Nakuandikia nikiwa na hasira, na nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu unajua kunikatiza.

Jana nilipata ujumbe wako kwamba Jumapili ijayo kuna mkutano wa sharika zote, utafundisha tena lile somo la gunia, na unataka nije nisimame mbele watu wanione. Umenichagulia hata kitenge cha kuvaa. Kaka, sitakuja.

Kila asubuhi unatuma somo la sauti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Mwanzoni niliyapenda masomo yako, sikatai. Kuku wa mama alifunika vifaranga mvua ikinyesha, ukatuonyesha ulinzi wa Mungu. Pikipiki yako ilipata pancha pale Ndundu, ukatuambia dhambi nayo huingia kama msumari mdogo usiouona. Nilikuwa nakusikiliza huku napepeta mchele, nikaamini kweli Mungu anasema hata jikoni kwangu. Lakini kuku hasikii ukimsema. Mimi nasikia.

Mume wangu Gharibu hakuwa amemaliza hata mwezi kaburini ulipomfanya somo. Ulisema kuna mtu aliokolewa na mafuriko pamoja na mkewe, akageuka kurudia gunia la mpunga, maji yakamchukua, kama mke wa Lutu, kwa kupenda vitu kuliko uhai. Hukututaja majina. Ulihitaji kututaja? Nani mwingine katika usharika huu alizikwa kwa mafuriko? Nilipokwenda bombani wanawake walijitwika ndoo zao, wakaondoka mmoja mmoja. Mama alinipigia kutoka Mchukwi akilia, akaniuliza kama ni kweli mkwewe alikuwa mroho. Gharibu mroho! Mtu aliyemgawia jirani yetu Salumu nusu ya mbegu zake mwaka ule panya walipomaliza ghala la mwenzake.

Mke wa Salumu, Bi Mashavu, ni Mwislamu, unamjua. Siku saba alikuja na uji, akakaa nami mkekani. Siku ya nane akanisuka nywele, nikasinzia mapajani mwake mchana kweupe. Nilikuwa sijapata usingizi tangu msiba. Hakunifundisha kitu, Kaka. Alikaa tu. Wewe uliyenizidi kwa Biblia ulikaa saa mbili, ukaaga.

Sasa nikuambie nililokuficha. Gunia halikuwepo. Nililitunga mimi.

Asubuhi ile maji yalipoingia, Salumu alitupakia kwenye mtumbwi wake, akatushusha kwenye tuta la barabara. Tulikuwa tumepona. Ndipo simu ya Gharibu ikaita, na aliyepiga ulikuwa wewe. Ulimuuliza hali, halafu ukamkumbusha ile spika ya kanisa uliyoiacha kwetu baada ya mkutano wa Injili. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikakusikia ukisema, "Isilowe, Gharibu. Kanisa litaniuliza mimi."

Hukujua maji yamefika wapi, hilo nalikubali. Naye hakutaka kukutia hofu, akakujibu kwamba iko salama. Alipokata simu alivua viatu, akaniambia, "Shemeji hajawahi kuniomba kitu. Narudi sasa hivi."

Sikumzuia. Nilimwambia awahi tu. Hilo ni langu, sikutupii wewe.

Salumu alimpata siku ya pili kwenye matete, waya wa spika umemzunguka mkono. Aliukata kwa panga kabla hujafika. Ulipoingia msibani ukaniuliza alirudia nini, nikasema gunia la mpunga. Nilikuonea huruma. Nilidhani utamlilia shemeji yako, basi, yaishe. Sikujua utakwenda na uongo wangu mpaka madhabahuni, na kwa uongo huo utamvua heshima mtu aliyekufa kwa ajili yako.

Mungu sijamwacha, usije ukaanza kuniombea kwa hilo. Nasali kila siku, na nimeshatubu uongo wangu. Ninachotaka kwako ni kimoja. Kabla ya Jumapili nenda Mchukwi, ukae mbele ya mama, umwambie kwa kinywa chako mkwewe alirudia nini. Usimpigie simu. Nenda. Usipokwenda, Jumatatu nitakwenda mimi, na Salumu amekubali kunisindikiza. Huko mkutanoni ukiona huna budi kufundisha, fundisha habari zako mwenyewe, wala usimguse Gharibu mpaka uwe tayari kusema yote.

Barua hii anakuletea Salumu. Mpe maji ya kunywa, umshukuru, maana ndiye aliyemtoa shemeji yako mtoni kwa mikono yake. Wifi Zawadi nimemtumia maboga mawili, hana kosa lolote kwangu. Wabusu watoto. Nawe nakuombea, ingawa leo naomba nikiwa nimeuma meno.

Ni mimi mdogo wako,
Subira, mke wa Gharibu