Pipa la Maji ya Moto

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Fundi Rogath amepanda kutoka Mwanga kutia grisi mashine yetu ya umeme wa maji. Nikampelekea chai kibandani. Akachungulia mita, akacheka. Eti Mama Katibu, mashine inatoa kilowati tano, ninyi mnatumia nusu kilowati tu! Unaobaki wote unachemsha pipa.

Pipa lile la nje. Maji yake ni ya moto siku zote, tukadhani ni joto la mashine. Kila jioni nachota ndoo nikaoge, magoti haya yananitesa. Kumbe ni umeme uliokosa pa kwenda.

Nimemwambia mita yake mbovu. Akamalizia chai yake.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefungua daftari la kamati ya umeme, ninaloandika mimi katibu. Mwandiko ni wangu, siwezi kuukana: kilowati 5 = wati 500. Kila nyumba taa mbili za wati tano tano. Nyumba hamsini. Hesabu ikatimia barabara, haikubaki hata wati moja! Nilivyojisifu siku ile.

Kilowati moja ni wati elfu. Elfu! Shuleni nilijua. Lakini miaka kumi na tisa nimepima tangawizi sokoni Myamba — gunia moja kilo mia, magunia matano kilo mia tano. Mkono ukaandika ulichozoea. Na nani akague? Esta hakosei, ndivyo wanavyosema. Nami nilipenda wakisema.

Rogath ameshuka asubuhi na pikipiki. Sijui kama amemwambia mtu.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua tangu alfajiri.

Mwezi wa tano Nesi Faustina aliiomba kamati umeme wa zahanati. Ana mashine ya kupasha joto watoto njiti, imekaa kwenye boksi. Inakula wati mia nne. Nikasimama nikamjibu kwamba wati mia nne ni nyumba arobaini gizani. Wakanipigia makofi.

Mwezi wa sita Elinaza akajifungua kabla ya siku zake. Baridi ile ya Juni. Wakamshusha mtoto Same kwa pikipiki, amefunikwa khanga tatu. Hakufika.

Wati zilikuwepo elfu tano. Na mimi nilikuwa naoga.

Nitasema Jumapili baada ya ibada. Au nianze na mwenyekiti. Au niseme fundi ameongeza nguvu — nani atajua? Aibu naiogopa kuliko dhambi. Ndivyo nilivyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Jenifer, mke wa Sifael, amejifungua. Miezi saba! Mtoto wa kike, anapumua. Barabara ya Same imekatwa na maporomoko, gari halipandi. Jumapili ni mbali mno.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda zahanati asubuhi. Jenifer ana homa, anatetemeka, hawezi kumweka mtoto kifuani. Faustina amemlaza kichanga katikati ya chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitambaa. Zikipoa anazibadilisha. Maji yanatoka kwenye pipa letu. Na anayeyabeba ni Elinaza! Ndoo kwa ndoo, mlima ule, kwenye tope. Hakuna aliyemtuma.

Sifael akanishika mikono miwili. Shikamoo mama, mashine yako imetuokoa, bila maji yale tungefanyaje. Analia. Nikaitikia marahaba. Nikaitikia!

Nikamwambia Faustina atoe mashine kwenye boksi, umeme upo. Akanitazama. Vipi kuhusu nyumba arobaini? Nikasema hakuna itakayozima, nyaya zilishavutwa hadi hapa tangu mwanzo, kinachokosekana ni soketi tu, na ninayo nyumbani. Akakimbilia boksi. Halafu akasimama mlangoni, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayejaza fomu:

"Mama Katibu, umeme umeongezeka lini?"

Elinaza alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Akaiweka ndoo chini. Hakumwaga hata tone. Akanitazama, naye anasubiri.

Nikasema ngoja nilete soketi.

Niko nyumbani. Soketi ninayo mkononi, bisibisi ninayo, nilipaswa kuwa njiani na hapa ninaandika. Chupa zinapoa. Nikiingia tu mlangoni ataniuliza tena — na kama si Faustina, atakuwa yule wa ndoo. Kalamu chini, naenda.