Kengele ya Mama na Boksi Jipya

Jumapili, 6 Julai 2025

Benjamin kapiga saa mbili asubuhi. Hata salamu hakumaliza. "Dada, lile boksi la Mama linakufa kesho."

Kampuni iliyoliuza inafunga mitambo yake. Bila mitambo hiyo boksi ni plastiki tupu: taa haziwaki zenyewe, geti halitoi taarifa na kengele ya mkononi mwa Mama haiiti. Benjamin ameshatuma boksi jipya, la kampuni nyingine, lipo kwenye basi. Fundi anakuja keshokutwa.

Nikamuuliza kampuni ilitoa taarifa lini. Akababaika. Nikamlazimisha anisomee barua pepe, tarehe kwa tarehe. Ya kwanza Aprili. Ya pili Mei. Mdogo wangu huyu ana ofisi Dodoma na cheo mlangoni!

Kwa hiyo kesho nzima Mama hana kengele. Ana miaka sabini na tisa. Februari alianguka kwenye mteremko wa kibanja, akalala kwenye majani ya migomba saa moja na dakika ishirini kabla Ingabire, binti anayeishi naye, hajamkuta. Ndiyo maana tukanunua kengele.

Jumanne, 8 Julai

Niliomba ruhusa redioni ninakoripoti habari, nikaenda kwa Mama, Bweranyange. Dakika hamsini kwa bodaboda kutoka Kayanga, vumbi mpaka kwenye meno.

Fundi anaitwa Twagirayezu, kijana wa Kimuli, mpole, mikono safi. Anafanya kazi kwa orodha ya Benjamin: sebule, korido, chumba cha Mama, geti. Kila kifaa kinaondolewa kwanza kwenye boksi la zamani ndipo jipya likipokee. Saa tatu nzima. Hakulalamika. Nilikuwa nataka mtu wa kumkasirikia, akaninyima nafasi.

Taa ya stoo ya kahawa haikuguswa. Mama amekataa. Msimu wa kahawa hakuna mgeni anayeingia stoo, ufunguo uko kwenye fundo la kanga kiunoni mwake, mjadala umefungwa. Twagirayezu akasema, hamna shida, bibi, taa moja tu. Orodha yenyewe haina stoo.

Jaribio likafanyika kwenye kochi. Mama akabonyeza. Simu yangu ikalia. Sekunde nne baadaye Benjamin akapiga kutoka Dodoma, anashangilia.

"Na Beni naye inampigia?" Mama akauliza.

"Wote, bibi! Ukibonyeza tu, watoto wako wote wanapata, na saa inaandikwa."

Mama akatia buni mdomoni, akatafuna. Twagirayezu akaandika: Kazi imekamilika. Nikatia saini.

Alhamisi, 10 Julai

Ingabire kapiga. "Dada, kule jikoni nyuma kengele haiiti. Nimebonyeza mpaka kidole kikauma."

Nimerudi Bweranyange. Nimepima mwenyewe. Kutoka mlango wa nyuma hatua kumi na nne: inaita. Kumi na tano: kimya. Jiko la kuni liko hatua thelathini na moja. Mikeka ya kahawa, arobaini. Mama kochini anakaa muda wa kunywa chai tu. Siku yake yote ipo huko nyuma — moshi, matoke, kahawa juani. Tumeweka kengele pale asipokaa!

Benjamin hataki kusikia. "App inaonyesha kijani kote."

Nikamwambia kijani hicho aje akipikie jikoni.

"Dada, usianze. Labda huyo binti hajui kubonyeza."

Ingabire alikuwa amesimama pembeni yangu, anasikia. Nikakata simu.

Twagirayezu ameeleza kwa simu, bila kuzunguka. Taa ya stoo ndiyo iliyokuwa inapokea mlio wa kengele kutoka jikoni na kuusukuma hadi kwenye boksi. Sasa taa hiyo haina boksi. Kuihamisha ni dakika tano. Ameomba radhi: hakuuliza bibi anashinda wapi. Hakuna aliyeuliza. Mimi kuuliza ndiyo kazi yangu, miaka ishirini na minne.

Ijumaa, 11 Julai

Nimelala kwa Mama. Asubuhi nikamfuata jikoni, anamenya ndizi. Shikamoo. Marahaba. Nikaomba ufunguo wa stoo.

"Hapana."

Nikamweleza taa, boksi, hatua. Nikachora kwa kijiti kwenye majivu.

"Nimeelewa tangu Jumanne," akasema. "Yule kijana alisema wazi. Likiita, Beni anajua."

Hapo nikakaa chini.

Pasaka Benjamin alitamka mbele ya watu wote: Mama akianguka tena, anamchukua Dodoma. Boksi la zamani lilikuwa linapiga kwangu peke yangu. Mei lilipiga. Juni lilipiga. Mara zote mbili nilikuja, tukamsafisha magoti, Ingabire akachemsha maji, mambo yakaishia hapa hapa. Benjamin hajaambiwa. Mama aliniomba, nami nikakubali. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Dodoma nitakaa nitazame ukuta wa nani?" Mama akasema. "Kahawa yangu nani ataigeuza? Lipige kwako tu, kama zamani, ufunguo huu hapa." Akapiga fundo la kanga kwa kiganja.

Nimempigia Twagirayezu. Inawezekana, lakini mwenye akaunti tu ndiye anabadilisha nani apigiwe. Mwenye akaunti ni Benjamin.

Nikimwomba, atauliza kwa nini. Na atakuwa na haki ya kuuliza. Nimekasirishwa na Benjamin, na kampuni, na Mama, na nikihesabu vizuri nimekasirishwa zaidi na mimi. Ningeweza kuvunja lile kufuli kwa jiwe. Sikuvunja. Nimerudi Kayanga, nina kipindi kesho.

Jumapili, 13 Julai

Naandikia kwenye benchi, hospitali ya Nyakahanga, nje ya chumba cha picha za eksirei. Saa kumi na dakika kumi alasiri.

Ingabire alikwenda kanisani. Mama alibaki na chungu. Saa nne hivi aliteleza kwenye maganda, nje ya jiko. Ingabire alirudi saa sita na nusu. Saa mbili na nusu juani! Kengele ilikuwa mkononi.

"Ulibonyeza?" nilimuuliza alipoteremshwa kwenye gari.

"Nilibonyeza," akasema. "Ilipouma sana, nilibonyeza. Hata kwa Beni, nilisema, iende tu."



Daktari anahofia nyonga. Mguu wa kulia umegeuka nje.

Saa tano asubuhi Benjamin alituma ujumbe, nimeuona sasa hivi: Mfumo wote kijani, Jumapili njema dada.

Saa kumi na dakika ishirini na tano. Wamemtoa, yuko kitandani pembeni yangu, uso wa kijivu. Ni nyonga. Huenda wakampa rufaa. Amenishika kidole, si mkono, kidole. "Usimwambie kwanza. Ngoja nisimame."

Saa kumi na dakika arobaini. Muuguzi amekuja na fomu. "Watoto wengine wa mgonjwa wamejulishwa?"

Mama ananitazama. Muuguzi ananitazama. Simu mapajani inaita, Benjamin. Ingabire anasema, dada, simu. Imekatika. Inaita tena.

"Nani huyo?" Mama anauliza.

Nimemwambia ni ofisini. Muuguzi bado amesimama, kalamu iko juu ya fomu, anangoja jibu langu.