Babu Amwacha Mke wa Mjukuu

Mjukuu wangu, mshindani wangu,

Mie mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Afisa wa uhamiaji alikuja kuuliza kama kweli umemuoa yule binti wa kigeni unayemwombea kibali cha kuja kuishi huku. Nikamwambia, "Yule mke wangu, mjukuu nimemwazima tu." Nilitania kama babu yeyote. Mwenzangu hakucheka, aliandika. Jana ikaja barua: ombi limesimamishwa, ndoa inatiliwa shaka.

Nisamehe, baba. Leo nimekwenda ofisini kwao na koti langu, nimeapa kwamba mke ni wako.

"Na wewe, mzee?" akauliza afisa yuleyule.

"Nimemwacha. Andika."

Safari hii alicheka mpaka akavua miwani, akagonga muhuri. Mwambie mkeo afunge mizigo, ila asiniite mume mbele ya wenye kalamu.

Babu yako, mtalaka wa leo asubuhi